Bi Picha na Bei ya Rangi

Kamera mbili zinaweza kutoka kiwanda kimoja, na vya ndani vyake visitofautiane hata kwa skrubu. Ikiwa moja ni nyeusi na nyingine ni ya rangi ya fedha, huku kwetu hazikuwa zikilala bei moja. Nyeusi ilizidi kwa elfu sita, mara nyingine elfu saba. Nimeuza kamera za mitumba kutoka Likoni hadi Lungalunga kwa miaka mingi, nikizinunua Mombasa kwa mafungu na kuzitembeza mkobani, na jambo hilo sikuhitaji kulisomea. Mnunuzi wa Diani alilipia rangi kwanza, kamera baadaye.

Kijana mmoja aliyekuja kutoka bara, aliyekuwa akipiga picha wageni ufuoni, alinirudishia kamera ya fedha kabla hata hajaiwasha.

"Buda, hii silva ni ya mathee," aliniambia. "Customer akiiona atasema nimeazima kwa auntie. Leta black, hata kama bei iko juu."

Nilimletea nyeusi. Mchuuzi hagombani na mteja anayetaka kulipa zaidi.

Kwa miaka yote hiyo alikuwepo mtu mmoja tu aliyekuwa akiniuliza ya fedha kwa hiari yake, na ndiye mtu pekee niliyewahi kumdanganya juu ya rangi. Ninamwandika yeye. Jina lake nitaliacha, kwa kuwa hata Msambweni, alikokaa muda wote niliomjua, wachache walilitumia. Walimwita Bi Picha.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha upande wa wanawake katika harusi. Asiyejua harusi za Waislamu wa pwani yetu ataona hiyo ni kazi ndogo. Wanaume wana nikahi yao msikitini na biriani yao chini ya turubai. Ndani, siku ya kupamba, wanawake huvua mabuibui na mitandio. Nywele zimetengenezwa, mikono imejaa hina hadi viwiko, na dera la kila siku limeachwa nyumbani. Mwanamume haingii, awe kaka wa bibi harusi au nani. Simu hukusanywa mlangoni katika kikapu, na mama mmoja mwenye sauti huwekwa kukilinda. Baada ya hapo jicho moja tu la kioo hubaki ndani, nalo lilikuwa la Bi Picha.

Picha zake zilikuwa nzuri, ingawa waliompita walikuwepo. Wanawake walimlipa kwa ajili ya hakika. Walijua kwamba picha aliyopiga haitaonekana na mtu asiyepaswa kuiona. Siku hakika hiyo ingevunjika, angebaki na kamera yake na asiwepo wa kumwita.

Ndiyo maana alitaka ya fedha. Alisema kamera inayong'aa huonekana toka upande wa pili wa ukumbi, na mwanamke ambaye hataki kupigwa hupata nafasi ya kugeuka au kujitanda. Siku moja nilimchokoza.

"Bi mkubwa, unaisema vibaya rangi nyeusi, na buibui lako je?"

"Buibui linamficha anayelivaa," alinijibu bila kuinua uso. "Kamera nyeusi inamficha anayekutazama. Hizo ni habari mbili, mwanangu. Usizitie chungu kimoja."

Alikuwa na maneno mengi ya namna hiyo, na hakuyasema kwa kutafuta sifa. Yalimtoka katikati ya kazi, kama mtu anayehesabu mishono. Lile nililolisikia mara nyingi zaidi ni kwamba jicho likiona husahau, kamera haisahau, kwa hivyo kamera inatakiwa iwe na adabu kuliko jicho.

Adabu hiyo ilikuwa kazi. Kila baada ya picha kumi hivi alisimama, akapita kwa wanawake mmoja mmoja akiwaonyesha kioo cha nyuma. Aliyesema futa, alifutiwa mbele ya macho yake. Wakati mmoja alialikwa harusi ya Wakristo kule juu, kwenye mashamba ya walowezi waliotoka bara, na shangazi wa bibi harusi akachoshwa na utaratibu huo.

"Mama, wewe piga tu," alimwambia. "Hapa hakuna mtu anajificha."

"Uso ni wako," Bi Picha akamjibu. "Mimi nimeuazima. Cha kuazima huonyeshwa mwenyewe kabla ya kuondoka nacho."

Nasikia yule shangazi aliangalia picha yake, akaona amefumba macho na mdomo umejaa chapati, naye akaomba ifutwe.

Picha za wanawake hakuzipeleka kusafishwa Ukunda. Nyuma ya mashine kule hukaa mwanamume, na mwanamume huyo ana macho. Alinunua mashine ndogo ya kuchapia akaiweka chumbani kwake, chini ya leso, na kila picha aliikata kingo mwenyewe kwa mkasi wa ushonaji. Ukimtembelea kwa biashara alikukaribisha barazani, akakuletea chai ya tangawizi, na mlango wa chumba ulibaki umefungwa.

Usidhani lakini alikuwa mtu wa kufunga mdomo. Hapo ndipo aliponishangaza miaka yote. Picha hazikutoka chumbani mwake, ila habari zilitoka. Nani alikuja na dhahabu ya kuazima, nani alikula mara tatu, mawifi gani hawakusalimiana, yote niliyapata pamoja na chai. Nilimwambia kwamba ulimi wake una rangi nyeusi. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Maneno hukanushwa," alisema. "Wewe ukienda kusema nimesema, nitasema hukusikia vizuri. Picha utaikanusha vipi?"

Alikuwa pia mtu wa kujipenda, ingawa hakupenda kuambiwa. Viatu vyake viling'arishwa hata siku za matope. Miwani aliivaa akifanya kazi, akaificha mara tu alipopigwa hodi. Yeye mwenyewe hakukubali kupigwa picha na mtu yeyote. Alisema hajapata kumwona mpiga picha mwenye mkono anaoweza kuuamini.

Kwenye bei alikuwa moto. Nimewauzia watu wengi, kuanzia wauza mifugo wa Kinango hadi wakata miwa wa Ramisi, na wote hao hupunguza bei kwa kulia shida. Bi Picha hakulia. Alijua kwamba kamera ya fedha inalala mkobani mwangu wiki na wiki, na alinitazama kama anaziona siku zenyewe.

"Hii utaibeba mpaka Jego na utarudi nayo," aliniambia mara ya kwanza tulipofanya biashara. "Mgongo wako utaumia bure. Niachie mimi nikutue mzigo."

Nilimwachia kwa bei aliyoitaka, na nilipofika barabarani nilikuwa nikitabasamu peke yangu.

Sasa nifike kwenye uongo wangu. Kamera yake hiyo ilipozeeka, shata, kile kifuniko kinachofunguka kupiga picha, ikaanza kukwama. Harusi kubwa ya Msambweni ilikuwa siku chache mbele, na akanipigia simu. Nilikuwa nimetoka Mombasa na fungu la kamera za aina moja, nyingi nyeusi na moja ya fedha. Zote nilizinunua kwa bei sawa. Nyeusi ingenipa elfu sita zaidi.

"Ya fedha unayo?" aliniuliza barazani kwake.

"Sina, Bi mkubwa. Zimekuja nyeusi tupu."

Ilikuwa mkobani, kiasi cha mkono mmoja kutoka magotini pake. Aliigeuzageuza ile nyeusi, kisha akailipia karibu bila kubishana. Nilidhani haraka ya harusi ndiyo iliyomfanya hivyo.

Nyingine katika fungu hilo nilikuwa nimekwisha kumuuzia yule kijana wa ufuoni. Naye siku hizo alikuwa ameanza kazi za harusi, na upande wa wanaume wa harusi ile ile ya Msambweni ulimwita yeye.

Yaliyotokea niliyapata kwa Bi Picha, na mwisho wake niliuona. Nyumba ya harusi ilikuwa na soketi moja tu, ya plagi mbili, iliyokuwa wazi, kwenye ukumbi mwembamba kati ya sebule ya wanaume na ua wa wanawake. Kijana aliweka kamera yake pale ichaji wakati wa kula. Bi Picha, aliyekwenda kuswali alasiri, aliweka yake ubavuni mwa ile. Zilikuwa nyeusi zote mbili, za aina moja, na mikanda yake nilikuwa nimeitoa katika boksi moja. Kijana aliitwa haraka kwamba bwana harusi anaondoka. Akanyakua ya karibu, akapanda gari na msafara kwenda Ramisi, kwao bwana harusi.

Bi Picha alirudi, akaiwasha kamera, akaona kadhi na wanaume wenye kanzu. Angeweza kunyamaza na kuitafuta kimyakimya. Alikwenda moja kwa moja kwa mama wa bibi harusi.

"Kamera yangu imeondoka na mpiga picha wa wanaume," alimwambia. "Picha zenu zote zimo."

Mama yule alikaa juu ya gunia la mchele. Aliyesema ni shangazi aliyekuwa akipakua pilau.

"Tangu lini Bi Picha akatumia kamera kama ya wanaume?"

Bi Picha alikuwa tayari ameinamia kikapu cha simu, akiitafuta yake.

Alinipigia mimi kwa sababu mimi ndiye niliyeziuza zote mbili. Nilikuwa Ukunda. Simu ya kijana ilikuwa imezimwa, nikatafuta pikipiki. Nilipofika Ramisi nilimkuta Bi Picha amenitangulia, amesimama langoni, buibui limejaa vumbi la barabara. Hakupiga kelele wala hakuingia. Alikuwa amemtuma nyanya yake bwana harusi amtoe kijana nje, na kijana alikuwa akitoka na kamera ikining'inia shingoni.

"Hiyo uliyoivaa ni yangu," alimwambia. "Yako hii hapa. Umeangalia picha za nyuma?"

Kijana alizitazama zote mbili, akabadilika rangi. "Sijaangalia, mama. Nimekuwa nikipiga tu, walikuwa wananiharakisha."

"Sema kweli, na uiseme kwa Mungu wako."

"Haki ya Mungu, mama. Sijafungua."

Nilimwamini, na bado ninamwamini. Lakini imani yangu haikuwa na uzito katika ua wa nyumba ile. Bi Picha alirudi Msambweni na kadi ngumini, akamkabidhi mama wa bibi harusi mbele ya wanawake waliobaki. Mama akaitisha kisu cha jikoni akaikata vipande viwili. Bibi harusi alilia, maana ndani yake kulikuwa na siku yake nzima. Hana picha hata moja ya kupambwa kwake, hadi leo.

"Ana haki," Bi Picha aliniambia juu ya mama yule.

Hakuna picha iliyotoka. Hilo ninaweza kulisema kwa uhakika, kwa sababu Pwani ya kusini picha ya namna ile ingekuwa imefika Vanga kabla ya magharibi. Hata hivyo, harusi zikapita zaidi ya nusu mwaka bila yeye kuitwa. Aliuza mahamri asubuhi kwenye baraza ile ile aliyokuwa akinikaribisha, viatu vikiwa vimeng'arishwa.

Mimi nilifanya la pili lililo baya kuliko la kwanza. Ile ya fedha bado ilikuwa mkobani mwangu. Sikuthubutu kuitoa siku zile zile, kwa hivyo nilikaa wiki mbili, kisha nikamwendea na kumwambia nimeisaka Mombasa mtaa kwa mtaa. Nikabadilishana naye na ile nyeusi, nikamrudishia tofauti. Alinishukuru. Alisema Mungu aibariki miguu yangu.

Miguu hiyo imenitembeza sana baadaye. Mimi si mtu wa kukaa mahali pamoja. Nimeuza taa za sola Kinango wakati wa kiangazi, nimekaa Jego msimu mzima nikitengeneza redio, na kila nilipopita Msambweni nilimpelekea kitu, betri au kadi au kitambaa cha kufutia lenzi, kwa bei ambayo haikunipa hata nauli. Alikipokea, akaniuliza habari za huko nilikotoka, akanipa za kwao. Kazi ilimrudia pole pole. Aliyemwita wa kwanza alikuwa mama yule yule wa kisu, alipomwoza binti wa pili. Bi Picha alipita katika ua ule na kamera yake ya fedha, na wanawake waliiona inakuja kama wanavyoona sinia.

Mara ya mwisho kumwona ni mwaka huu. Alinipigia kusema chumvi imeila kamera, fundi wa Mombasa amemwambia asipoteze pesa, na Jumamosi ana harusi. Nilifika kwake mchana. Alikuwa barazani akikata kingo za picha za pasipoti za mtoto wa jirani, miwani machoni, na safari hii hakuificha.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. Ulipotea. Nani alikufukuza mara hii?"

"Hakuna. Miguu tu."

"Miguu yako ingelikuwa na mdomo ingelisema mengi. Umeniletea?"

Nilikuwa na mbili, nyeusi na ya fedha. Ila siku hizi mambo yamepinduka. Vijana wanaoweka picha mtandaoni wanataka kamera zinazofanana na za babu zao, na ya fedha ndiyo inayokimbiliwa. Nyeusi ilikuwa ya elfu ishirini na mbili. Ya fedha haikuwa ikipatikana chini ya thelathini. Niliitoa ya fedha peke yake, nikaiweka mezani.

"Ishirini na mbili," nilisema.

Hakuigusa. "Mwanangu, na mimi nina simu. Nimetazama bei. Kwa nini unanipunguzia elfu nane na mimi sijafungua kinywa?"

Nilikuwa nimeyatayarisha maneno kwa miaka, lakini yalinitoka bila mpango. "Siku ile uliponunua nyeusi, ya fedha nilikuwa nayo. Ilikuwa mkobani. Nilikwambia sina."

Mkasi uliendelea hadi mwisho wa karatasi. Akaitenga picha, akachukua nyingine.

"Najua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Ulipoitoa nyeusi mkoba ulibaki wazi. Niliiona, na mkanda wake wa kahawia. Kisha ukaniletea iyo hiyo na mkanda wake, ukaniambia umeisaka mpaka soli zikaisha. Nikakuombea miguu. Nilitaka nione kama utaitikia amina, na uliitikia."

Nilitamani ardhi ile ya baraza ipasuke. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Wiki kabla ya pale nilikuwa ukumbini Ukunda, wapiga picha wa kiume wakaicheka kamera yangu. Mmoja aliniuliza kama inapiga na muziki, kana kwamba ni kichezeo. Nimefanya kazi hii kabla hawajaota ndevu, nikaenda nyumbani nimenuna. Wewe uliposema huna ya fedha, moyo wangu ulifurahi. Nilitaka nyeusi. Ulinipa sababu ya kununua kitu nilichokwisha kukitaka." Aliuweka mkasi chini. "Kamera niliiona kwa macho yangu, nikanyamaza. Yule mtoto hana picha za harusi yake kwa uongo wako na kwa majivuno yangu. Wewe umekuwa ukijilipisha mwenyewe, kila mwaka betri, kila mwaka kadi. Nilizipokea kwa sababu nilikuwa na njaa, halafu nikazoea. Hiyo pia si haki. Nusu yangu ya kosa niachie."

Jirani alipita akatusalimu, tukaitikia wote wawili kwa pamoja.

"Haya," akasema. "Zitoe zote. Nitajie bei ya kila moja, ya kweli. Na mkoba uuache wazi."

Nilizipanga mezani, nikaufungua mkoba mpaka chini. Aliinama akauchungulia kwa miwani yake, hakufanya haraka. Nikamwambia thelathini kwa ya fedha, ishirini na mbili kwa nyeusi. Akaichukua ya fedha, akaiwasha, akasikiliza shata kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto.

"Ishirini na tano," alisema.

"Haitoki, Bi mkubwa."

"Hii utaibeba mpaka—"

"Hii siibebi popote. Nikifika Ukunda naiuza kabla ya kukaa chini."

Alinitazama juu ya miwani, na nikaona amefurahi. "Ishirini na saba, na usinionee huruma."

"Sikuonei," nilimwambia, na ilikuwa kweli. "Ishirini na tisa."